Kutoka Uzito hadi Namba: Jinsi Elementi Zilivyopata Nafasi Zake

Katika wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, kwenye bonde la Bugarama, mawe ya chokaa huchomwa kiwandani ili kutengeneza saruji. Ndani ya mawe hayo mna kalsiamu, ambayo ni elementi, yaani dutu isiyoweza kugawanywa kwa njia za kikemia ikatoa dutu sahili zaidi. Kalsiamu ilikuwamo katika jaribio la mapema la kuzipanga elementi, na madini mengine ya Rwanda na Kivu, yaani koltani, yanaonyesha jaribio hilo lilifikia wapi.

Mwaka 1829 mkemia Mjerumani Johann Döbereiner alieleza kwamba baadhi ya elementi zinazofanana tabia hukaa tatutatu, na kwamba uzito wa atomi ya ile ya kati hukaribia wastani wa zile mbili za pembeni. Kwa vipimo vya leo, kalsiamu ina 40 na bariamu 137, ambazo wastani wake ni 88.5, na strontiamu, iliyo kati yao, ina 87.6. Utaratibu huo ulifaa kwa elementi chache tu, hata Mrusi Dmitri Mendeleev alipozipanga zote 63 zilizojulikana mwaka 1869, akifuata uzito lakini akiziweka pamoja zenye tabia moja na kuacha nafasi wazi kwa zile ambazo hazijagunduliwa. Galiamu ilipopatikana mwaka 1875, skandiamu mwaka 1879 na gerimaniamu mwaka 1886, nafasi tatu kati ya hizo zilijazwa.

Hata hivyo, uzito ulikuwa kipimo chenye kasoro, kwani Mendeleev alilazimika kuitanguliza teluriamu mbele ya iodini ingawa ni nzito kuliko hiyo. Kitendawili hicho kiliteguliwa mwaka 1913 na Mwingereza Henry Moseley, ambaye kwa kupima eksirei zinazotolewa na elementi alionyesha kwamba kinachopanga ni namba ya atomi, yaani idadi ya protoni zilizo katika kiini: teluriamu ina 52, iodini 53.

Ile koltani ya Rwanda na Kivu ni mchanganyiko wa madini yenye niobiamu, namba 41, na tantalamu, namba 73. Niobiamu iligunduliwa mwaka 1801 na tantalamu mwaka 1802, lakini zilifanana kiasi kwamba mwaka 1809 mkemia William Wollaston alidai ni elementi moja, na mzozo huo ulikwisha katika miaka ya 1860 tu, mkemia Marignac wa Uswisi alipozitenganisha. Mendeleev aliziweka katika kundi moja. Sababu ya kufanana kwao ilieleweka baadaye. Kabla ya kuifikia tantalamu, jedwali hupitia mfululizo wa elementi ziitwazo lanthanidi, ambamo kiini huzidi kuwa na nguvu na kuvuta elektroni ndani, hivyo atomi ya tantalamu, ingawa ni nzito karibu mara mbili ya niobiamu, hubaki na ukubwa uleule. Kwa kuwa fuwele hupokea atomi kwa ukubwa na tabia wala si kwa uzito, elementi hizo mbili hukaa pamoja katika jiwe moja kama zinavyokaa katika safu moja ya jedwali.