Kibindo, Hamiani na Hawala: Fedha ya Msafiri wa Ng'ambo

Mwenye kusafiri ng'ambo ya bahari ana mashaka mawili kwa habari ya fedha yake. Akiichukua, huenda akanyang'anywa. Akiiacha nyumbani, atakula nini huko aendako? Lugha yetu ya Kiswahili imehifadhi maneno ya watu waliojaribu kuyaondoa mashaka hayo, na mtu akiyafuata maneno hayo ataona habari ndefu ambayo vitabu vya shule huipita kimya.

Neno lililo karibu nasi ni kibindo, ndilo pindo la nguo kiunoni. Fedha hufutikwa humo, na mwenyewe huisikia ikimgusa mwilini kila aendapo. Kibindo chafaa sokoni. Chomboni hakifai sana, kwa kuwa mtu hulala siku nyingi kati ya wageni, na nguo hulegea. Kwa hiyo wafanya biashara walitumia hamiani, mfuko mwembamba wa ngozi au wa kitambaa uvaliwao kiunoni kama mshipi. Neno hili ni la Kiarabu, himyan, na ni la kale sana. Mwenye kuhiji Makka, akiisha kuvaa ihramu, akatazwa kuvaa nguo zilizoshonwa. Lakini wanazuoni wengi walimruhusu kuvaa hamiani, ijapokuwa ina mshono, kwa sababu ya kuihifadhi riziki yake ya njiani. Sheria iliyokuwa kali juu ya kanzu na kilemba haikuwa kali juu ya mshipi wa fedha.

Walakini hamiani nayo ina mpaka wake, nao ni uzito. Watu wa pwani zamani walihesabu kwa reale, na reale zilikuwa za namna nyingi: palikuwa na reale ya mzinga, yaani ile ya Kihispania yenye nguzo mbili, ambazo macho ya watu wa pwani yaliziona kuwa mizinga, na palikuwa na reale ya Sham, yenye sura ya Maria Theresa wa Austria. Malkia huyo alikufa mwaka 1780, na reale zake ziliendelea kupigwa chapa zikiandikwa mwaka ule ule, kwa kuwa wanunuzi wa Arabuni na Uhabeshi hawakutaka nyingine. Kila moja ina uzito wa gramu 28 hivi. Basi reale 100 ni karibu kilo 3, nazo mtu aweza kuzivaa, ingawa kwa taabu. Reale 1,000 ni kilo 28, karibu frasila mbili, na huo ni mzigo wa hamali. Mwenye mzigo wa namna hiyo hawezi kuuficha. Kila baharia aujua, na kila mchukuzi bandarini ausikia unavyolia.

Ndipo lilipoingia neno hawala. Maana yake katika sheria ya Kiislamu ni kuhamisha deni: mimi nadaiwa na Fulani, nami namdai mtu mwingine, basi namwelekeza Fulani kwa huyo mdeni wangu, alipwe naye. Twaliona shina lile lile katika kitenzi chetu kuhawilisha. Jambo la kuangaliwa ni hili, kwamba fedha yenyewe haisafiri. Kinachosafiri ni deni tu, nalo halina uzito.

Mfano ulio bora kuliko yote niijuayo umo katika Safarnama, kitabu cha Nasir-i Khusraw, Mwajemi aliyeanza safari yake mwaka 1046. Mwaka 1050 alitoka Misri kwenda kuhiji mara nyingine, akapita Aswan, akavuka jangwa mpaka Aydhab, bandari ya Bahari ya Sham upande wetu wa Afrika. Huko alikaa miezi mitatu akingoja upepo. Wenyeji wakamwomba awe khatibu wao, naye akakubali. Fedha yake ikaisha. Lakini rafiki yake wa Aswan alikuwa amempa barua kwa wakili wake wa Aydhab, kwamba ampe Nasir kila atakachotaka na kutwaa hati yake, ili ihesabiwe baadaye. Nasir alipoitoa barua ile, wakili hakusita. Akampa mani 100 za unga, mali nyingi mahali pale, akatwaa hati na kuipeleka Aswan.

Tena mwaka uliofuata, akirudi kwa njia ya bara Arabu, alikwama katika kijiji cha Falaj miezi minne, bila kitu ila vitabu. Akauchora mhirabu wa msikiti kwa rangi, akalipwa tende. Alifika Basra pamoja na ngamia wa kukopa, naye adaiwa dinari 30. Mji ule, asema mwenyewe, watu huweka fedha zao kwa sarafu, hupewa hati, kisha hununua kila kitu kwa hati hizo. Na katika mji huo wa hati Nasir alifukuzwa mlangoni pa hamamu, kwa kuwa alikuwa amevaa matambara kama mwenda wazimu. Aydhab palikuwa na mtu aliyemjua mtu wake. Basra, mwanzoni, hapakuwa na mtu. Baadaye waziri mmoja alipomjua alimpelekea dinari 30 za mavazi, na watu wa hamamu wakamsimamia kwa heshima.

Wahindi waliofanya biashara katika pwani yetu walileta neno lao, hundi. Wao walifanya shauri zuri juu ya wizi: palikuwa na hundi iitwayo shah-jog, ambayo halipwi mtu awaye yote ila mfanya biashara mwenye jina jema sokoni. Mwizi akiiba hundi hiyo, afanyeje? Yampasa amtafute mtu mwema wa kumchukulia fedha, na mtu mwema atauliza maswali. Nayo ikipotea, huandikwa ya pili, hata ya tatu.

Ulaya nao walikuwa na barua zao za namna hii tangu zamani. Robert Herries wa London alianza kutoa hati za wasafiri mwaka 1772, zilipwe katika miji mingi. Thomas Cook akatoa zake mwaka 1874. Mwaka 1891 kampuni ya American Express ya Marekani ilitoa hundi ya kutiwa sahihi mara mbili: ya kwanza siku ya kuinunua, ya pili mbele ya mlipaji. Hivyo mgeni hakuhitaji tena kujulikana na mtu. Mkono wake ndio uliomshuhudia.

Siku hizi hundi hizo ni adimu, na msafiri huchukua kadi. Lakini hawala haikufa. Dubai na penginepo wangali wapo wapelekao fedha kwa njia hiyo, bila sarafu moja kuvuka bahari. Kwetu neno limepata maana ya hati ya posta pia. Basi mwalimu akilikuta katika barua za kale za pwani, asiharakishe kulifasiri kuwa cheki. Aulize kwanza ni nani anayedaiwa.