Kocha aliyekubali kupoteza kwanza

Mpira wa Kimarekani huchezwa zaidi kwa mikono. Anayeuongoza anaitwa kwotabeki: anapokea mpira, na kwa sekunde chache tu anaamua amrushie nani.

Mwaka 1979 Bill Walsh alikabidhiwa San Francisco 49ers, timu iliyokuwa imeshinda mechi 2 tu kati ya 16. Akaleta mfumo wa pasi fupi za haraka, kila mpokeaji akijua mapema atakuwa wapi. Matokeo? 2 tena kati ya 16! Hapa kwetu kambini kocha huyo angefukuzwa kabla mwezi haujaisha.

Mwaka huohuo alimchukua kijana Joe Montana, wa 82 katika uteuzi wa wachezaji wapya. Hakumharakisha. Mechi 15 alianza Steve DeBerg, Montana akijifunza amtazame nani kwanza, nani baadaye. Desemba 1980, Montana akiongoza, walikuwa nyuma 35 kwa 7 mapumzikoni dhidi ya New Orleans; wakashinda 38 kwa 35.

Januari 1982 wakachukua Super Bowl, 26 kwa 21, mbele ya Cincinnati. Ndiko Walsh alikoubuni mfumo ule akiwa msaidizi, na ndiko walikomnyima ukocha mkuu.