Njia za Farasi Katika Mashamba ya Waingereza

Ndugu mkulima, plau yako ikifika penye kinjia cha watu unafanyaje? Unakiacha, au unakipindua pamoja na shamba? Leo tuwatazame wakulima wa England na Wales, maana kwao jambo hili limegombaniwa miaka mingi, tena kwa ajili ya farasi. Kwetu farasi ni wachache. Wewe fikiria punda wako wa kubeba maji.

Zamani huko farasi ndiye aliyebeba watu na mizigo, na njia zake zilikata mashamba. Mwaka 1949 ikatoka sheria kwamba njia zote za miguu na za farasi zichorwe kwenye ramani. Sheria nzuri. Lakini wakati ule matrekta na magari yalikwisha chukua nafasi ya farasi, na katika kuandika, njia nyingi zake zikaitwa za miguu tu, nyingine zikasahauliwa kabisa. Basi mjukuu akakatazwa kupita na farasi pale alipopita babu yake! Hadi leo watu wanafukua ramani kuukuu kutafuta ushahidi. Sheria ya 2000 iliwapa mwisho wa mwaka 2026, ukasogezwa hadi 2031, na mwishoni mwa 2024 serikali ikatangaza kwamba inakusudia kuufuta.

Mwaka 1986 mama mmoja, Mary Towneley, alisafiri kwa farasi kupitia milima ya Pennines ili serikali ione jinsi njia zilivyo mbovu. Ilichukua muda, lakini mwaka 2002 ikafunguliwa njia ya mzunguko ya kilometa 75 hivi yenye jina lake.

Na mkulima je? Naye ana haki ya kulalamika: lango likiachwa wazi, kondoo wametoka. Sheria ya 1968 ilimtaka atunze malango, lakini serikali ya mtaa imchangie angalau robo ya gharama. Ile ya 1990 inamruhusu kulima kinjia kinachokata katikati ya shamba, ila akirudishe katika siku 14, upana mita 2 kama ni cha farasi. Cha pembeni mwa shamba asikiguse.

Ugomvi uliobaki mara nyingi ni wa komeo. Mpanda farasi anataka alifungue bila kushuka. Mkulima anataka lango lijifunge lenyewe, na lisimbane farasi kiunoni. Mafundi wao wanatengeneza malango ya namna hiyo, yenye komeo refu linalofikiwa kutoka juu ya farasi.