Uvimbe wa ubongo unaodhaniwa kuwa maradhi mengine

Uvimbe wa ubongo hauna dalili ya pekee. Dalili zake hutegemea mahali ulipoota: ukiwa sehemu ya mbele, huweza kubadili tabia ya mgonjwa hata adhaniwe ana maradhi ya akili, ukiwa ubavuni, huweza kuleta kifafa au harufu isiyokuwapo, ukivuja damu, hufanana na kiharusi.

Mtunzi mashuhuri wa muziki wa Marekani, George Gershwin, alianza kusikia harufu ya mpira unaoungua mapema mwaka 1937. Mwezi Juni alichunguzwa hospitalini mjini Los Angeles, akaruhusiwa kwa dhana kwamba tatizo lake lilikuwa la kisaikolojia. Julai 9 alipoteza fahamu. Alipopasuliwa alikutwa na uvimbe upande wa kulia wa ubongo, na akafariki Julai 11, akiwa na umri wa miaka 38.

Kipimo cha CT kilitumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1971. Kwa hiyo leo, mtu mzima anayepatwa na kifafa kwa mara ya kwanza, au anayeumwa kichwa kinachozidi siku hadi siku, hastahili kubahatishiwa jina la ugonjwa kabla ubongo wake haujapigwa picha.