Rahani ya Shamba, Rahani ya Nyumba: Mdororo wa Uchumi katika Maisha ya Jamaa Zetu



Kila tunapokutana, vijana wetu waliozaliwa Maskati, Dubai, London na kwingineko hutuuliza: shamba la babu lilikwendaje? Jibu wanalopewa huwa ni neno moja tu: "Lilichukuliwa." Nani alilichukua, mwaka gani na kwa njia ipi, hayo hayaelezwi, au huelezwa kwa kutupa lawama zote upande mmoja. Wengi hudhani kwamba mashamba yote yalitoka mikononi mwa wenyewe baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Mambo ya mwaka huo ni mazito na yanastahili makala yao wenyewe. Lakini yafaa ifahamike kwamba familia nyingi za Unguja na Pemba zilikwisha kuzama katika madeni kizazi kizima kabla ya hapo, katika mdororo mkubwa wa uchumi wa dunia ulioanza mwishoni mwa 1929.

Wakati huo visiwa vyetu vilikuwa vikitoa sehemu kubwa ya karafuu zote za dunia. Karafuu zilinunuliwa Bara Hindi, Ulaya, na hasa Java, ambako zilichanganywa na tumbaku katika sigara ziitwazo kretek. Ushuru wa karafuu ndio uliokuwa nguzo ya mapato ya serikali. Mwenye shamba, mchumaji, mama aliyekaa kuchambua makonyo, mchukuzi wa bandarini, mwenye duka la kijijini na karani wa serikali, wote walikula kwa mti mmoja. Fedha zilipokauka Ulaya na Marekani, wanunuzi wakapungua, na bei ya karafuu ikaporomoka.

Mkulima wa karafuu alikuwa na tabu ya pekee. Mti wa karafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja hufurika, mwaka wa pili hutoa kidogo. Uchumaji nao huhitaji fedha taslimu kabla ya mavuno kuuzwa, kwa kuwa wachumaji hulipwa kwa pishi, na karafuu haziwezi kungoja mtini. Kwa hiyo mwenye shamba alizoea kukopa kabla ya msimu na kulipa baada yake. Aliyemkopesha alikuwa mara nyingi mfanyabiashara wa Kihindi, na dhamana ilikuwa shamba. Kwa kuwa riba ni haramu, mikataba mingi iliandikwa kwa sura ya mauzo: shamba liliuzwa kwa sharti kwamba mwenyewe ana haki ya kulikomboa katika muda uliowekwa. Muda ukipita bila malipo, shamba hupotea. Kwa Kiarabu mkataba huo uliitwa bay' al-khiyar.

Hapo ndipo mdororo unapouma. Tufanye hesabu ya mfano tu. Mtu ana deni la rupia 300. Karafuu ikiwa rupia 15 kwa frasila, anahitaji frasila 20 kulimaliza. Bei ikishuka hadi rupia 6, anahitaji frasila 50. Hakuongeza hata pesa moja katika deni lake, wala hakulala usingizi shambani. Miti ni ile ile na jasho ni lile lile. Lakini mzigo wake umekuwa mara mbili na nusu. Bei ya vitu hushuka, na ujira hushuka, ila tarakimu iliyoandikwa katika hati ya deni haishuki.

Maofisa wa wakoloni waliandika mara kwa mara kwamba wenye mashamba walijiangamiza kwa ubadhirifu, kwa harusi na matanga yaliyopita kiasi. Hatuwezi kukana kwamba israfu ilikuwapo. Lakini israfu haielezi kwa nini watu wengi walianguka kwa pamoja katika miaka ile ile. Hesabu hiyo ya frasila inaeleza.

Wala si haki kumsawiri mkopeshaji kama mtu aliyeketi akicheka. Mwenye duka la shamba naye alikuwa amekopa kwa tajiri wa mjini, na tajiri wa mjini alikuwa na madeni yake Bombay. Wateja waliposhindwa kulipa, naye alishindwa kulipa. Shamba alilolipata kwa rahani lilikuwa limeshuka thamani, na hakuwa mkulima. Mnyororo ulikuwa mmoja, na kila pete iliivuta nyenzake.

Serikali ilileta tume ya Sir Alan Pim mwaka 1932 kuchunguza hali ya fedha, na mwaka 1934 ikatoa sheria kadhaa kwa mpigo. Madai ya madeni yalisimamishwa kwa muda. Ardhi ya Waarabu na Waafrika ikazuiwa kuuzwa kwa watu wengine bila ruhusa. Na Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichokuwapo tangu 1927, kikapewa mamlaka makubwa. Wafanyabiashara wa Kihindi waliona kuwa sheria hizo zimewalenga wao. Februari 1936 yakazuka machafuko mjini Unguja juu ya ukaguzi wa mbata, na watu wakafa. Mwaka 1937 biashara ya kununua karafuu ilipowekwa chini ya chama hicho, Wahindi wa Unguja waligoma kununua, na chama cha Congress cha India kikawaunga mkono, hata karafuu zikakosa soko huko hadi mapatano ya 1938. Majirani waliokuwa wakikopeshana na kuzikana sasa walitazamana kwa jicho la kikabila. Hasara hiyo haikuandikwa katika daftari lolote.

Jamaa zetu waliohamia nchi nyingine walidhani wameachana na mambo ya bei ya karafuu. Baada ya 1970 wengi walipata kazi Oman, serikalini na katika mafuta. Mafuta nayo ni karafuu ya aina nyingine: mwaka 1986 bei yake ilianguka hadi chini ya dola 10 kwa pipa, na riali ya Oman ikapunguzwa thamani kutoka dola 2.89 hivi hadi dola 2.60. Aliyezoea kupeleka nyumbani riali 50 kila mwezi aliona mamaye akipokea dola 130 badala ya 144, na mshahara wake haukuguswa.

Waliokwenda Uingereza walikutana na rahani ile ile, mara hii ya nyumba. Riba ya benki kuu ilipanda hadi asilimia 15 mwezi wa Oktoba 1989 na kukaa hapo mwaka mzima. Kisha kazi zikapotea, na kufikia mapema 1993 waliojiandikisha kuwa hawana kazi walikaribia milioni 3. Bei za nyumba zilishuka, hata wengine wakawa wanadaiwa zaidi ya thamani ya nyumba yenyewe. Katika mwaka 1991 pekee, nyumba zaidi ya 75,000 zilichukuliwa na wakopeshaji. Mjukuu wa mkulima wa Pemba aliyesoma barua ya benki mwaka huo alikuwa akisoma hesabu ya babu yake.

Tujifunze nini, basi? Kwanza, tusimdharau jamaa aliyepoteza kazi au nyumba katika msukosuko. Aibu ndiyo humfanya mtu anyamaze hadi muda wa kukomboa umepita. Anayesema mapema husaidika kwa kidogo. Pili, nyumba yenye watu wawili wanaofanya kazi isitegemee mwajiri mmoja ikiwezekana, wala kijiji chetu cha jamaa kisitegemee nchi moja. Tatu, tusiwarithishe watoto kinyongo dhidi ya kabila fulani, hali hesabu inaonyesha njia nyingine.

Mwisho, tunaomba. Mwenye hati za zamani za rahani, mauzo au risiti za karafuu, hata kama zimechakaa na maandishi yake ni ya Kiarabu, asizitupe. Alete nakala katika mkutano, tuzisome pamoja na wazee wetu wangali hai.