Ubao wa Mtoto: Utangulizi wa Kipunjabi

Waliopita chuoni wanaujua ubao: kipande cha mti kilicholainishwa, kalamu ya mwanzi na wino wa masizi. Mwalimu huandika, mwanafunzi hufuatisha. Somo likishahifadhiwa ubao huoshwa, na lingine huanza. Mbali na Pwani, kaskazini mwa Bara Hindi, watoto wa Punjab nao walilelewa na ubao wa namna hiyo. Waliupaka udongo laini, wakauanika juani, kisha wakauandika kwa kalamu ya tete. Kipunjabi huuita takhti, na kwa jina jingine, patti.

Punjab ni neno la Kiajemi, maana yake maji matano. Maji hayo ni mito ya Jhelum, Chenab, Ravi, Beas na Sutlej. Mwaka 1947 nchi hiyo ilikatwa pande mbili, upande mmoja ukawa wa Pakistan, wa pili ukawa wa India. Sensa ya Pakistan ya 2023 ilihesabu watu takriban milioni 89 ambao lugha yao ya kwanza ni Kipunjabi. Ile ya India ya 2011 ilihesabu milioni 33. Lugha yenye wasemaji wengi kiasi hicho ingedhaniwa kuwa haina hofu. Lakini wingi wa wasemaji si wingi wa wasomaji, na kisa cha Kipunjabi ni kisa cha ubao wa mtoto.

Herufi za lugha hii na ushairi wake ni ndugu. Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469 na ambaye ni mwanzilishi wa dini ya Masingasinga, alitunga utungo uitwao kwa jina la ubao wenyewe, Patti. Beti zake hufuata herufi moja baada ya moja, na kila herufi hupewa funzo lake. Wafuasi wake husimulia kwamba aliutunga akiwa mtoto mbele ya mwalimu. Mrithi wake, Guru Angad, aliyefariki mwaka 1552, ndiye anayesifiwa kwa kuzipanga herufi hizo na kuwafundishia watoto. Hati hiyo ikaitwa Gurmukhi, yaani iliyotoka kinywani mwa Guru. Mwaka 1604 Guru Arjan alipokusanya kitabu kitukufu cha dini hiyo, alitia ndani yake pia beti za Baba Farid, sufi Mwislamu wa karne ya 12 na 13.

Waislamu wa Punjab waliiandika lugha hiyo hiyo kwa herufi za Kiarabu zilizopitia Uajemi, hati ambayo leo huitwa Shahmukhi, kinywa cha mfalme. Nao wakaugeuza ubao kuwa ushairi. Wana bahari iitwayo siharfi, maana yake herufi thelathini, ambamo kila ubeti huanza kwa herufi yake tangu alifu. Sultan Bahu wa karne ya 17 anajulikana kwa beti za mpango huo. Msomaji wa Pwani hatashangaa, kwa kuwa malenga wa Kiswahili nao wametunga tenzi za kufuata alifu, be, te.

Mtoto anayeanza Gurmukhi hupewa kwanza herufi 35, nazo kwa pamoja huitwa painti, yaani thelathini na tano. Tatu za mwanzo hubeba irabu. Zinazofuata zina majina ya kujirudia kama wimbo wa kubembeleza: sassa, haha, kakka, khakkha, gagga, ghagga. Mtoto wa Kiswahili angekuta na maneno ya nyumbani, kwani kitab ni kitabu, kalam ni kalamu, sabun ni sabuni, na dunia ni dunia.

Ugumu uko katika sauti. Kiswahili hutenganisha barabara ya kupitia na barabara ya sawasawa kwa mahali pa mkazo. Kipunjabi hutenganisha kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Farasi, mjeledi na mkoma huandikwa ghora, kora na korha, lakini masikioni mwa mgeni yote matatu ni kora. La farasi hutamkwa kwa sauti ya chini, la mjeledi kwa sauti ya kati, la mkoma kwa sauti ya juu. Pumzi ya zamani imetoweka mdomoni ikaacha mwangwi wake, na maandishi ndiyo yanayokumbuka ilikokuwa. Asiyefundishwa kusoma huitamka historia hiyo kila siku pasipo kuijua.

Waingereza waliitwaa Punjab mwaka 1849, wakakifanya Kiurdu kuwa lugha ya mahakama na shule. Baada ya 1947, katika Punjab ya Pakistan, mtoto aliendelea kufundishwa kusoma kwa Kiurdu na Kiingereza, na Kipunjabi kikabaki cha jikoni, cha shamba na cha utani. Upande wa India, jimbo lililopangwa upya mwaka 1966 lilikipa hadhi ya lugha rasmi, na watoto wakasoma kwa Gurmukhi. Hivyo wajukuu wa babu mmoja huzungumza wakaelewana, lakini wakiandikiana barua hawasomani. Heer, kisa cha mapenzi alichokitunga Waris Shah mwaka 1766, hupendwa pande zote mbili. Wengi hukililia kwa kukisikia, wasiweze kukifungua wakakisoma.

Kati ya 1896 na 1901 vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli ya kutoka Mombasa, na wengi wao walikuwa watu wa Punjab. Wapatao 2,500 walifia kazini. 6,700 hivi walibaki. Jina Kalasinga liliingia katika Kiswahili, na huko Makindu, kando ya reli, nyumba yao ya ibada ilijengwa mwaka 1926. Wamekuwa majirani kwa zaidi ya karne, na wachache wa Pwani wamewahi kuuliza herufi zao zinaanzaje.

Swali hilo lina jibu lake nyumbani. Muyaka na malenga wa zama zake waliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Serikali za kikoloni zikashika za Kilatini, na usanifishaji uliosimamiwa na kamati ya mwaka 1930 ukazithibitisha. Leo katika nyumba nyingi za visiwani mna sanduku la barua na tenzi za babu, Kiswahili kitupu, na mjukuu anayekisema Kiswahili hicho huzishika mkononi asiweze kuzisoma. Mtoto wa Lahore na mtoto wa Lamu wamepungukiwa na kitu kimoja. Vinywa vyao havijapoteza lugha. Ni ubao ulioondolewa mbele yao kabla somo halijahifadhiwa. Na ubao si kitu cha gharama. Wahitaji mwalimu mmoja anayezijua herufi, na mtoto mmoja ambaye bado hajaambiwa kuwa hazina faida.