Wasomaji wa miti ya Kahuzi

Ukitoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, kuelekea kaskazini-magharibi, baada ya kilomita 30 hivi unafika Tshivanga, mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega. Mbele yako kuna mlima Kahuzi wenye urefu wa mita 3,308, na ukungu hutanda juu ya mianzi na mipodo yake. Majani hunasa unyevu huo na kuudondosha chini, hata siku ambayo mvua haijanyesha.

Wabelgiji waliutenga msitu huu kuwa hifadhi mwaka 1937. Miaka 10 baadaye walianzisha taasisi ya utafiti ya IRSAC, na kituo chake kikuu kikajengwa Lwiro, karibu na Katana. Hapo mimea ilikaushwa, ikabandikwa kwenye karatasi na kupewa majina. Taasisi hiyo sasa ni CRSN, na aina zaidi ya 1,100 za mimea zimeorodheshwa katika sehemu ya mlimani peke yake.

Mwaka 1970 msitu ukawa hifadhi ya taifa, na mwaka 1975 ukapanuliwa hadi tambarare za magharibi. Watwa, wenyeji wa msitu walioijua miti hiyo kabla ya mtaalamu yeyote, walifukuzwa bila ardhi ya kuhamia. Hata hivyo, watafiti waliokuja baadaye waliingia msituni wakiongozwa na Watwa wenyewe.

Miongoni mwa watafiti hao walikuwa Juichi Yamagiwa wa Japani na Augustin Basabose wa Lwiro. Walikuwa wakifuatilia sokwe na gorila, lakini mnyama anayekula matunda humlazimu mtafiti kuusoma mti. Basabose alirudi kwenye miti ileile mwezi baada ya mwezi, akiandika upi umezaa na upi haujazaa. Ni kazi ya subira isiyo na sifa, na bila hiyo tusingejua msitu huu huishi kwa majira gani.

Kisha vikaja vita vya 1996 na 1998. Tembo wa mlimani waliuawa kwa ajili ya pembe. Baada ya hapo mmea wa kutambaa uitwao Sericostachys scandens, ambao ni wa asili ya hapa hapa, ukaanza kusambaa kupita kiasi. Hupanda hadi vileleni mwa miti, hufunika matawi na kuzuia mwanga, hata miche ya chini ikakosa nafasi ya kukua. Céphas Masumbuko wa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu aliuchunguza kwa miaka, na mwaka 2011 akautolea tasnifu ya udaktari mjini Brussels. Wapo watafiti wanaouhusisha uvamizi huo na kutoweka kwa tembo, waliokuwa wakiukanyaga na kuukata walipopita. Hapo ndipo inapoonekana kwamba risasi iliyomlenga mnyama inaweza kuuumiza mti.

Mti mwingine, Prunus africana, umeponzwa na gome lake. Tangu Mfaransa Jacques Debat alipopata hataza yake mwaka 1966, gome hilo limekuwa likitumika kutengeneza dawa ya tezi dume huko Ulaya. Ukilibandua lote kuuzunguka mti, mti hufa. Mwaka 1995 biashara yake iliwekwa chini ya masharti ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini.

Leo tishio lililo karibu zaidi ni uchomaji wa mkaa, kwani majiko mengi ya Bukavu bado hutumia mkaa huo. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu kwamba Watwa walidhulumiwa walipoondolewa Kahuzi. Mpango wowote wa kuiokoa miti hii sasa unapaswa kuanza kwa kuketi nao, wakiwa wenyeji wenye haki.